Kabla hujakesha pangoni: jibu kwa msomaji anayetaka kuchunguza mizuka

Msomaji mmoja wa Tanga, kijana anayesema ana umri wa miaka 24, ameniandikia kwamba yeye na wenzake wawili wamekuwa wakitazama video za wawindaji wa mizuka wa Marekani na Uingereza, na sasa wanataka kuianza kazi hiyo wenyewe. Wamekwisha kuchagua mahali pawili. Pa kwanza ni mapango ya Amboni, ambako wangependa kukesha usiku mmoja, na pa pili ni nyumba ya shangazi wa mmoja wao, ambamo wapangaji wawili wamehama ndani ya mwaka mmoja wakilalamika kwamba kuna kitu kinatembea juu ya dari. Anauliza waanze vipi, wanunue vifaa gani, na kama ni kweli kwamba kipimo cha sumaku ya umeme hutambua jini likikaribia.

Ndugu yangu, swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu linafanana na lile nililojiuliza mwenyewe nilipokuwa fundi umeme kijana, nikiitwa katika nyumba ambazo taa zilizimika na kuwaka zenyewe, mara nyingi baada ya shehe kuwa amekwisha kusoma na mganga amekwisha kufukiza. Niseme mapema kwamba sitakujibu iwapo majini yapo au hayapo. Kwa Mwislamu jambo hilo limetajwa ndani ya Qurani, mwenye imani nyingine ana msimamo wake, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniita ili nimwondolee imani yake. Waliniita kwa sababu walikuwa hawalali. Ndiyo maana nakuomba uianze kazi hii ukijua kwamba kitu unachokichunguza ni tukio: nani aliona au kusikia nini, akiwa ameketi au amelala wapi, saa ngapi, na jambo gani jingine lilikuwa likiendelea nyumbani saa ile ile. Tukio lina mahali na lina wakati, na kwa hiyo linaweza kufuatwa.

Kuhusu kipimo cha sumaku ya umeme, jibu langu ni hapana. Kifaa hicho kilitengenezwa kwa ajili ya kupima nguvu ya sumaku inayotoka kwenye nyaya na mashine, nacho hufanya kazi hiyo vizuri. Kipeleke karibu na friji, pampu ya maji, mita ya LUKU au ukuta uliopitishiwa waya bila mpango, nacho kitawaka taa zake zote. Kiweke kando ya simu iliyo mfukoni mwa rafiki yako, nacho kitaruka mara tu simu hiyo inapotafuta mtandao. Nimeziona video ambazo mpelelezi anauliza swali gizani, taa zinawaka, na mpiga picha aliyesimama nyuma yake ana simu mbili. Hakuna mtu aliyewahi kuonyesha kwamba marehemu au jini hutoa sumaku ya umeme, kwa hiyo hata kifaa kikiwaka huna haki ya kutamka kimewashwa na nani. Yale maduara ya mwanga yanayoonekana kwenye picha za usiku nayo ni vumbi, mbu au matone ya unyevu yaliyo karibu sana na lenzi, yakiakisi taa ya kamera.

Jambo hili limejaribiwa kwa uangalifu. Christopher French na wenzake, kutoka Chuo cha Goldsmiths cha London, walitengeneza chumba cheupe kisicho na kitu, wakaficha mitambo ya kutoa sumaku ya umeme pamoja na mitetemo ya sauti ya chini mno isiyosikika kwa sikio, kisha wakawaingiza humo watu 79, kila mmoja akikaa dakika 50. Watu hao walikuwa wameambiwa kwamba huenda wakahisi mambo yasiyo ya kawaida, na wengi wao walitoka wakisimulia kizunguzungu, miili kuwa myepesi, na hata hisia kwamba kuna mtu mwingine chumbani. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2009 ilionekana kwamba masimulizi hayo hayakufuata kuwashwa wala kuzimwa kwa mitambo. Watafiti waliona kwamba maelezo mepesi zaidi ni matarajio: mtu aliyeambiwa atahisi kitu, hukihisi. Sina maana kwamba watu wale walidanganya. Walihisi kweli, na ndiyo sababu wewe mchunguzi unatakiwa kuchunga sana maneno unayomwambia mtu kabla hajakuhadithia lililomfika.

Hapo ndipo Harry Price, mchunguzi wa mizuka, alipoteleza. Mwaka 1937 Mwingereza huyu aliikodi nyumba ya kasisi ya Borley, iliyosifika kwa mizuka, akatangaza gazetini na kupata watu 48 wa kuilinda kwa zamu kwa muda wa mwaka mmoja. Aliwapa kijitabu kilichowaelekeza namna ya kuandika saa, mahali na kila kishindo, na sehemu hiyo ya kijitabu bado ningempa mwanafunzi yeyote. Lakini kijitabu hicho hicho kiliwaorodheshea pia mambo ambayo huenda yakawatokea: kengele, hatua za miguu, harufu nzuri, maumbo. Baada ya hapo, aliyesikia hatua usiku wa manane alikuwa amekwisha kupewa jina la kitu alichokisikia.

Kwa hiyo fedha ulizotaka kununulia kipimo, nunua daftari gumu, saa yenye mkono wa sekunde, tochi mbili na betri za akiba, kipimajoto, chaki ya kuchorea mahali kitu kilipokaa, na, ukipata, kengele ya kaboni monoksaidi. Hiyo ya mwisho ningeipigania kuliko zote. Kaboni monoksaidi ni hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kwenye moto unaowaka bila hewa ya kutosha, na sisi tunaijua kwa madhara yake hata kama jina lake hatulitumii: ni ile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Ikiwa kidogo haiui upesi. Huleta kichwa kuuma, kifua kubana, usingizi mbovu, na kwa baadhi ya watu hofu na kuona au kusikia visivyokuwepo. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha habari za familia moja iliyohamia katika nyumba kubwa ya zamani mwaka 1912, ikaanza kusikia hatua za miguu na sauti, na usiku mtu akiamka humwona mgeni amesimama miguuni pa kitanda, huku watoto wakipauka na mimea ya ndani ikinyauka. Tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa limeharibika na kuutapika moshi wake ndani ya vyumba. Lilipotengenezwa, wageni wale hawakurudi. Ukiingia katika nyumba ambayo watu wote huumwa kichwa asubuhi na kupata nafuu wakitoka nje, fungua madirisha, toa jiko, waamshe waliolala, na uache uchunguzi mwingine wowote hadi hilo liishe.

Sasa nije kwenye nyumba ya shangazi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kazi yenye manufaa kwako, kwa sababu ina watu wanaoteseka na ina malalamiko yanayojirudia. Nenda kwanza mchana, na uombe ruhusa yake yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, hata kama mpwa wake ndiye aliyekukaribisha. Kaa na kila mtu peke yake. Usimwulize kama alisikia mtu akitembea. Mwambie akusimulie usiku ule tangu alipofunga mlango hadi kulipokucha, kisha nyamaza, na uandike maneno yake kama anavyoyatamka. Akisema „kishindo” andika kishindo, usiandike hatua. Swali la saa nalo lina mtego wake hapa kwetu: mmoja atakwambia ilikuwa saa saba, na mwingine, aliyeitazama simu, atakwambia ilikuwa saa moja, nawe ukadhani ni matukio mawili ilhali wote wanazungumzia saa ile ile ya usiku. Muulize kila mara kama anasoma saa ya Kiswahili au ya simu. Ukimaliza, muulize kuhusu usingizi wake, na kama kuna dawa mpya anayotumia, kwani baadhi ya dawa, meflokuini ya malaria ikiwa mojawapo, huleta ndoto kali na wasiwasi. Lakini usithubutu kumwambia mtu aache dawa. Hilo ni la daktari wake.

Acha nikueleze nyumba moja inayofanana na hiyo. Bibi mwenye nyumba aliniita kwa sababu ya hatua zilizosikika juu ya dari ya chumba cha uani, kati ya saa saba na saa nane usiku, takriban kila siku, na alikuwa amekwisha kutumia fedha nyingi kwa makafara. Nilipanda darini mchana. Nyaya zilikuwa salama, bati lilikuwa na mwanya wa kiasi cha shibiri moja upande wa mwembe, na juu ya mbao kulikuwa na vumbi jingi mno kuweza kushika alama yoyote ya kueleweka. Nikafagia, nikanyunyiza majivu laini yaliyochekechwa, nikashuka. Hatua zilisikika usiku ule ule, nami nilizisikia kwa masikio yangu: nzito kuliko panya, zenye kituo katikati, kama mtu anayesita. Asubuhi nilipopanda nilikuta alama za viganja vidogo vyenye vidole vilivyotanuka, mfano wa viganja vya mtoto mchanga. Nakiri kwamba mwili ulinisisimka. Kama ningeshuka na kumwonyesha bibi yule picha ya alama zile, nyumba ile ingehamwa siku hiyo hiyo, na habari ingeenea mtaa mzima kwamba fundi ameona mikono ya mtoto. Sikusema neno. Usiku wa pili niliketi mwembeni na tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu, na saa saba na dakika kumi komba alitoka tawini, akaingia kwenye ule mwanya, na hatua zikaanza. Komba huyo huyo ndiye aliyekuwa akilia kama mtoto usiku, jambo ambalo mjukuu wa bibi alikuwa amenihadithia na mimi nikaliandika bila kulielewa.

Kwa nyumba ya shangazi basi, tazama mti ulio karibu, mwanya wa bati, popo wanaodondosha maembe au kungu, paka, kanu, na bati lenyewe, ambalo hupanuka juani na kunywea usiku likipiga mlio mmoja mmoja. Tazama mabomba: pampu ikizimika ghafla, maji hugonga ndani ya bomba kama mtu anayebisha hodi. Kuna pia mitetemo isiyosikika. Vic Tandy, mhandisi wa Uingereza, alifanya kazi katika maabara ambayo watu waliiogopa, na usiku mmoja aliona umbo la kijivu pembeni mwa jicho lake. Kesho yake akaona upanga wake wa michezo, aliokuwa ameufunga kwenye jiriwa, ukitetemeka wenyewe. Alitafuta mpaka akagundua feni mpya iliyokuwa ikitoa mtetemo wa takriban mara 19 kwa sekunde. Alichapisha habari hiyo mwaka 1998, na ingawa jaribio la London halikuunga mkono maelezo yake, mwendo wake ni wa kuigwa: aliona kitu, akaogopa, kisha akatafuta mashine.

Ukiamua kurekodi sauti, mtu akikohoa, tumbo likinguruma au pikipiki ikipita, taja kwa sauti wakati huo huo, ili wiki ijayo usiisikie kama sauti ya marehemu. Na ukidhani umepata neno, wape watu watatu wasikilize kila mmoja peke yake, bila kuwaambia umesikia nini, waandike walichosikia. Konstantin Raudive, Mlatvia aliyekusanya maelfu ya sauti za namna hii, alizisikia zikichanganya lugha kadhaa katika sentensi moja, na lugha hizo zilikuwa zile alizozijua yeye.

Huenda pia mpangaji akakwambia kwamba hakusikia hatua, bali aliamka na kukuta kitu kimemkalia kifuani, macho yameona chumba chote, na mwili umekataa kusogea hata kidole. Wazee wetu waliita jambo hili kukabwa na jinamizi. Wakati wa ndoto ubongo huifunga misuli ili tusiinuke na kutenda tunachoota. Mara nyingine mtu huamka kabla misuli haijafunguliwa, na ndoto huendelea huku macho yako wazi. Huwapata zaidi waliokosa usingizi na wanaolala chali. Namshauri mtu huyo alale ubavu, apate saa za kutosha, na ajue kwamba hupita baada ya muda mfupi. Wengi hulia kwa faraja wakisikia kwamba si wao peke yao.

Nalirefusha hili kwa sababu ya Popobawa, pepo aliyesemekana kuwavamia watu usiku vitandani mwao. Mwaka 1995, hofu ilipoanzia Pemba na kuvuka hadi Unguja, watu wengi walisimulia karibu mambo yale yale: kuamka, uzito, kushindwa kupiga kelele, kudhalilishwa. Ilisemekana pia kwamba asiyeutangaza mkasa wake atarudiwa, na kwa hiyo kila aliyepatwa alitangaza, na aliyesikia alilala kwa hofu, kama alilala. Familia zilikesha nje kando ya moto. Mjini Unguja mtu mmoja mwenye maradhi ya akili alidhaniwa kuwa ndiye Popobawa, akauawa na umati. Mtu huyo alikuwa na ndugu zake, na uhai wake ulipotea kwa sababu hofu ilitafuta uso wa kuibebesha.

Ndiyo sababu nakuwekea sharti moja ambalo silipunguzi: uchunguzi wako usiishie kwenye jina la mtu. Ukiulizwa „Nani anatufanyia haya?”, jibu kwamba kazi yako haifiki huko. Tanzania Bara vikongwe wameuawa kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu, wekundu ulioletwa na miaka mingi ya kupikia moshini. Sheria ya Uchawi ya Tanzania, ambayo asili yake ni mwaka 1928, na ile ya Kenya ya mwaka 1925, zote huhesabu kumsingizia mtu uchawi kuwa kosa. Kwa sababu hiyo hiyo usirushe video ya nyumba ya shangazi mtandaoni. Wewe utapata watazamaji, na yeye atakosa wapangaji na kuanza kutazamwa kwa jicho baya na majirani.

Kuna na wafiwa. Mwaka 1971 daktari wa Wales, Dewi Rees, alichapisha mahojiano na wajane na wagane 293, na karibu nusu yao walimwambia kwamba waliwahi kumhisi marehemu, kumwona, kumsikia au kuzungumza naye. Wengi hawakuwahi kumwambia mtu yeyote, na wengi walifarijika kwa hali hiyo. Ukikutana na mama aliye edani anayemsikia mumewe akivua viatu mlangoni, funga daftari lako. Usimwambie anaumwa, wala usimwambie mumewe amerudi. Msikilize, na ukiruhusiwa kunywa chai, kunywa. Tofauti yake ni mtu anayesikia sauti zikimwamuru ajidhuru au amdhuru mwingine: huyo anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, ukishirikiana na jamaa zake.

Kuhusu Amboni, msiende usiku. Ni mapango ya mawe ya chokaa, yana giza, mashimo na njia nyembamba, na mtu aliyevunjika mguu humo usiku bila mwongozaji hana wa kumsikia. Wamo popo pia, na uchafu wao si kitu cha kulalia: mwaka 2008 mtalii wa Uholanzi alifariki kwa homa ya Marburg baada ya kuingia katika pango la popo magharibi mwa Uganda. Zaidi ya hayo, watu huenda Amboni kuweka tambiko. Wao hawaendi kuwinda kitu, wanaenda kuomba. Hata mawazo yao kuhusu wasioonekana ni tofauti na ya video zako, ambamo marehemu mmoja amekwama ndani ya nyumba moja na anahojiwa gizani. Huku pwani pepo huwa na jina lake, na kabila lake, na ubani anaoupenda, na mzimu huwa na wenyewe. Nenda mchana, lipa kiingilio, fuata mwongozaji, usiguse kilichowekwa, na umwombe akusimulie. Utarudi na kurasa nyingi kuliko ambazo ungepata kwa kukesha.

Msome pia James Kirkman, aliyeanza kuchimbua mji wa Gede karibu na Malindi mwaka 1948. Aliandika kwamba alipoanza kazi pale alihisi kuna kitu au mtu anayemtazama kutoka nyuma ya kuta, asiye adui wala rafiki, akisubiri. Kisha akaendelea kupima kuta, visima na makaburi, likiwemo lile lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Hisia aliiandika kama hisia, na ukuta akauandika kama ukuta, na hadi leo msomaji wake anajua kipi ni kipi.

Kabla ya kwenda kwa shangazi, fanya kazi moja nyumbani kwenu. Chagua usiku mmoja, waite wenzako, zima taa saa tano, ketini kila mtu chumba chake bila kuzungumza hadi saa kumi alfajiri, na kila mmoja aandike kila mlio anaousikia, kila baridi anayoihisi na kila wazo la hofu linalompitia, pamoja na saa yake. Asubuhi linganisheni madaftari kabla ya kuhadithiana, na mpande darini. Mtashangaa wingi wa vishindo katika nyumba ambayo hakuna aliyewahi kusema ina mizuka. Zipige picha kurasa hizo unitumie, nami nitazisoma zote kabla hatujapanga siku ya kwenda kwa shangazi kutazama kama bati lina mwanya.